Vifaa Kwake, Gemu Kwangu

Fundi alimwambia mkewe kwamba anaondoka huku akitafuta soksi ya pili chini ya kitanda. Alikuwa amepata kazi kwenye kampuni ya kutengeneza mashine za hospitali, katika mji ambao ukitoka alfajiri unaufikia jua likizama. Angeondoka mwisho wa mwezi. Alipoipata soksi alikaa kitandani, akaongeza kwamba afadhali na ndoa yenyewe iishie hapo, kila mtu ashike njia yake kwa amani.

Mkewe, ambaye wateja walimwita Dada Gemu, alikuwa ameshajipaka mafuta mkono mmoja. Akamaliza na wa pili. Kisha akamuuliza mumewe kama chai aimimine kwenye chupa au ataenda kuinywa hukohuko kwenye ukumbi wao wa gemu.

Ikawa ndiyo hivyo. Hakikuvunjika kikombe, haukubamizwa mlango. Majirani walipopata habari walidhani wanataniwa, maana nyumba ya watu wanaoachana huwa haifichiki. Dada Gemu mwenyewe aliungoja uchungu. Aliungoja kama mtu aliyejikata kisu anavyokitazama kidole, akijua damu iko njiani. Uchungu haukuja. Alikula, akalala, akaamka, akafagia. Moyo ulikuwa kama ufizi uliopigwa ganzi na daktari wa meno: ukiugusa unajua upo, lakini ni kama wa mtu mwingine.

Walikuwa na ukumbi wa gemu, chumba kimoja kirefu kati ya kinyozi na duka la rangi za nyumba. Mle ndani mlikuwa na mashine mbili, televisheni mbili, mabenchi aliyoyapigilia Fundi mwenyewe, na rafu za diski ukuta mzima. Waliugawana bila kupanga. Fundi alishughulika na kila kilichoungua, kilichokatika au kilichogoma kuwaka. Mkewe alichagua gemu za kununua na kuwafundisha wageni, akajua ni diski gani ya kumwekea mtu aliyeshindwa jioni nzima ili arudi kwake na uso wa kutazamika.

Kwa hiyo siku walipomwita Wifi awe shahidi, mgawanyo ulionekana mwepesi. Wifi alikuwa dada mkubwa wa Fundi, mshonaji wa nguo za kiume, mjane, mwanamke wa maneno machache na yote yenye ncha. Fundi alisema mbele yake, "Vifaa nichukue mimi, gemu abaki nazo yeye. Na chumba abaki nacho." Mkewe akasema sawa. Hata kikombe cha Wifi kilikuwa bado kimejaa.

Kaka yake Dada Gemu alipopigiwa simu alikasirika kwa niaba yake.

"Kesi ya ngedere unampelekea nyani? Huyo si dada yake?"

"Wifi ni Wifi," alimjibu.

Kaka akaguna. Kisha akasema kwamba nyumbani kwake kuna mashine ya zamani, tangu binti zake wakue hakuna anayeigusa, na televisheni yake pia. Angezituma. "Utaanzia hapo. Diski unazo, au siyo?"

"Nitakuwa nazo."

Siku ya kugawana ilikuwa Jumanne asubuhi. Fundi alifika na maboksi matupu, utepe wa gundi na bisibisi mfukoni. Kazi ilikwenda haraka. Televisheni, mashine, pedi za kuchezea, ekstensheni na mafundo ya waya vikawekwa upande wa kulia wa chumba. Diski zikawekwa kushoto. Wifi alikaa katikati, kwenye benchi, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Hakuna aliyemhitaji. Alikuwa karibu kusinzia Fundi alipofika kwenye rafu ya nyuma.

Rafu hiyo ilikuwa ya vitu vikubwa. Palikuwa na usukani wa gari pamoja na pedali zake. Palikuwa na ngoma nne za plastiki na fimbo zake mbili. Palikuwa na mkeka wa kudansia, wa mpira laini, wenye mishale ya rangi ambayo mchezaji anaikanyaga kufuata muziki. Halafu fimbo ya kuvulia samaki na raketi ya tenisi, zote za plastiki tupu. Kila kimoja kati ya hivyo kilinunuliwa ndani ya boksi moja na diski yake.

Fundi aliubeba usukani kwa mikono miwili, akaelekea kulia.

"Hicho ni nini?" Wifi akauliza.

"Usukani, dada."

"Macho ninayo. Nauliza ni kifaa au ni gemu."

Fundi akasimama. "Ni kifaa. Una waya, una springi, una skrubu."

"Haya. Na hiyo fimbo ya samaki?"

Fundi akaishika ile fimbo. Ilikuwa na tundu la kuchomekea pedi, basi. Haikuwa na waya wala ndoano.

"Hii ni plastiki tu, dada. Haina kitu ndani."

"Kwa hiyo ni gemu?"

"Haya, gemu."

"Raketi?"

"Gemu."

"Ngoma?"

"Ngoma zina waya. Na mkeka una waya."

"Aha," Wifi akasema. "Kwa hiyo kila chenye mkia ni chako." Akacheka peke yake, akamgeukia mke. "Na wewe, wifi yangu? Mdomo unao, au umeukodisha?"

"Vyote sawa tu," Dada Gemu akajibu.

"Sawa kwa nani?"

Dada Gemu alivitazama vile vitu. Hakuvitaka. Hakuna alichokitaka mle chumbani, wala nje yake. Lakini swali lilikuwa la gemu, na maswali ya gemu alikuwa ameyajibu kila siku kwa miaka, kwa hiyo mdomo wake ukaanza kujibu wenyewe, kwa sauti ileile ya kumwelekeza mteja choo kilipo.

"Diski ya magari inafunguka hata kwa pedi ya kawaida. Diski ya ngoma haifunguki bila ngoma. Inaandika 'unganisha ngoma', inakaa hapohapo mpaka uzime. Ya mkeka vilevile."

"Lakini na ngoma bila diski hazilii," Fundi akasema.

"Hazilii."

"Basi hapo tuko sawa."

"Hazilii kwa sababu si ngoma. Ni plastiki inayongoja kuambiwa cha kufanya."

Fundi aliuweka usukani chini. Hakuwa mtu wa kugombana. Alikuwa mtu wa kufungua kitu, kukitandaza kipande kwa kipande na kutafuta tatizo. "Tusizunguke," alisema. "Gemu ni kile kilichomo kwenye diski. Kifaa ni kitu unachokishika ili ukifikie. Hata televisheni ni hivyo. Hata pedi. Huwezi kusema pedi ni gemu."

"Pedi inatumika kwa gemu zote," mkewe akasema. "Mkeka unatumika kwa moja."

"Kifaa cha kazi moja bado ni kifaa. Kifungua chupa je?"

"Dukani tulivikuta kwenye rafu za gemu."

"Kwa sababu ya ukubwa wa boksi."

"Boksi liliandikwa jina la gemu. Kwa herufi kubwa."

"Na pembeni likaandikwa, 'pamoja na kifaa chake'. Kumbuka vizuri. Kifaa."

"Chake nani?" Wifi akauliza.

"Cha gemu," Dada Gemu akasema.

Kutoka kwa kinyozi ikasikika mashine ya kunyolea, ikazima, ikawaka tena. Fundi alijikuna kidevu. Alikuwa anatafuta jibu, na huenda angelipata, lakini mlangoni mtu akapiga hodi.

Walikuwa wanawake wa Jumanne. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuwaambia wasije. Mbele alikuwa Bibi Magoti, aliyepewa jina hilo kwa sababu magoti ndiyo yaliyomleta: daktari alimwambia atembee, akaona kutembea bila pa kwenda ni kichaa, akaamua kudansi. Nyuma yake walikuwa muuza maua na mwalimu mmoja mstaafu. Wote walivaa raba na kanga kiunoni.

"Mnapiga rangi?" Bibi Magoti akauliza, akiangalia maboksi.

Ndipo Fundi akafanya jambo ambalo pengine hakulifikiria. Aliuchukua mkeka kutoka kwenye fungu lake, akaukunjua katikati ya chumba, akaibandika pembe moja baada ya nyingine kwa utepe. Pembe ya kushoto ilikuwa na tabia ya kujikunja, kwa hiyo akaipigia goti, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikakubali. Akairudisha televisheni moja ukutani, akaunganisha waya. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mkewe akauwekea ule mkono diski, bila kuulizwa ni ipi.

"Karibu, Bibi," Fundi akasema.

Muziki ukaanza. Bibi Magoti alivikanyaga vishale kama mtu anayeua mende, kimoja huku, kingine kule, akiwa amechelewa kidogo kwa kila kimoja. Mwalimu alikuwa anamhesabia kwa sauti ya darasani. Muuza maua alikuwa anacheka mpaka akashika ukuta. Wimbo ulipoisha mashine ikasifu, kama inavyomsifu kila mtu, na Bibi Magoti akapiga kofi. "Mmesikia? Imesema vizuri sana! Nyumbani kwangu hakuna anayeniambia hivyo!"

Wimbo wa pili ulikuwa na kelele zaidi. Dada Gemu na Fundi walikuwa wamesimama karibu na rafu, mabega yao yakitazama upande mmoja. Fundi alikuwa anakunja waya, anaukunjua, anaukunja tena.

"Kwa nini hukuniambia twende wote?" mkewe akamuuliza. Aliuliza kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

Fundi akaendelea kukunja. "Nilijua utakubali."

"Ningekubali."

"Ndiyo. Ndiyo maana."

Alimtazama. Kwenye shati la Fundi kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa kimelegea, kinaning'inia kwa uzi mmoja. Alijua kwamba maneno aliyoambiwa yalikuwa makali, kama mtu anavyojua kwamba nje kuna baridi kwa kuangalia dirishani.

"Ungefunga mizigo siku hiyohiyo," Fundi akasema, polepole. "Ungefika kule, ungepika, ungenyamaza. Usingesema hupapendi. Na mimi ningekuwa mtu mbaya kila siku, mpaka nife. Hivi nakuwa mbaya mara moja."

"Umepiga hesabu."

"Nimejaribu."

"Imekaa sawa?"

Wimbo ukaisha. Bibi Magoti alikaa kwenye benchi karibu na Wifi, akifuta jasho kwa ncha ya kanga, na sasa akayaona maboksi vizuri zaidi.

"Jamani, mnahama?"

"Mimi nahama," Fundi akasema.

"Na huyu?"

"Anabaki."

Yule bibi aliwatazama kwa zamu, Fundi na mkewe, na umri ukamwambia yaliyobaki. Hakutoa pole. Aliuliza tu, "Na mkeka?"

"Ndilo tunaloulizana tangu asubuhi," Wifi akasema. "Kama ni kifaa au ni gemu."

"Sisi tunauita mazoezi," akasema mwalimu.

"Mimi nauita magoti," akasema Bibi Magoti, akainuka kwa kujisukuma na benchi. Wakaaga. Mlangoni muuza maua alimshika Dada Gemu mkono, akaubana, akauachia. Dada Gemu akausikia ule mbano, akashukuru kama inavyotakiwa.

Walipoondoka, Wifi aliivua futi shingoni, akaanza kuizungusha kidoleni kama afanyavyo dukani kwake mteja akibishana.

"Sasa nisikilizeni. Mimi gemu sizijui. Najua nguo. Mtu akija kushonesha suti ya vipande vitatu, siwezi kumwambia kizibao kinabaki dukani kwa sababu hakina mikono. Kilikatwa kwenye kitambaa kimoja na koti, kitatoka mlangoni na koti. Hivi vitu viliingia humu ndani ya boksi moja. Vitatoka pamoja, diski na mwenzake. Na boksi lina jina la gemu. Basi ni gemu."

"Hata usukani?" Fundi akauliza.

"Hata usukani."

"Dada, wewe ni ndugu yangu kweli?"

"Ndiyo maana nakuambia mimi. Asiye ndugu yako angekuacha ubebe."

Fundi alitikisa kichwa, lakini hakubisha. Aliubeba usukani mpaka upande wa kushoto, akauweka chini taratibu. Ule usukani alikuwa ameufungua na kuufunga mara nyingi kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Springi yake ya asili ilikufa zamani. Iliyokuwamo aliitoa kwenye baiskeli mbovu, akaikata na kuipinda mwenyewe hadi ukarudi katikati kama wa gari la kweli. Madereva wa teksi walikuja kuuchezea wakati wa mapumziko, wakasema unadanganya vizuri.

"Uchukue," Dada Gemu akasema.

"Si imeshaamuliwa ni gemu?"

"Chukua na diski yake."

"Sitaki kupewa kitu."

"Si kupewa. Ukiharibika hapa nani ataufungua?"

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hakukusudia ukarimu, wala kumchoma. Lakini Fundi aliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari, akakaa hivyo kwa muda, na Wifi akageuka kutazama barabarani. Dada Gemu alipanda kwenye kiti, akateremsha boksi la usukani kutoka juu ya rafu, ambako alikuwa ameyatunza maboksi yote yakiwa yamekunjwa bapa. Alilikunjua, akalipiga utepe chini, akaingiza usukani, pedali, diski. Vilikaa sawasawa, kila kimoja mahali pake.

Fimbo ya samaki na raketi Dada Gemu hakuzitaka, maana diski zake huchezeka kwa pedi tu. Wifi aliichukua fimbo, akasema itamfaa kuteremshia nguo zilizotundikwa juu. Raketi alipewa kinyozi, ambaye hakuuliza ni ya nini.

Pikapu ilifika mchana. Dereva alikuwa na haraka, na mzigo haukuwa mkubwa. Ulipokwisha kufungwa kamba Fundi alirudi mlangoni kuaga. Aliutoa mkono, ndipo wote wawili wakaona kwamba umeshika bisibisi.

"Hicho ni kifaa," Dada Gemu akasema.

Fundi alicheka kidogo, akamtazama kuona kama na yeye anacheka. Dada Gemu mwenyewe hakujua kama alikuwa ametania. Fundi akaiweka bisibisi dirishani.

"Basi ibaki."

Alisimama kidogo, akitafuta la kumwita. Kwa miaka yote ya ndoa alimwita mwenzangu. Tangu asubuhi ile ya soksi hakuwa amemwita chochote.

"Haya," akasema hatimaye.

"Haya. Safari njema."

Mashine ya kaka yake ilifika ikiwa imefungwa kwenye blanketi. Diski ilizisoma, lakini ilikuwa ya zamani kuliko alivyodhani, na mdomo wa waya wa mkeka haukuingia kwenye tundu lake. Aliuzungusha kila upande. Zamani angeita tu jina kwa sauti na mtu angetokea. Akauviringisha mkeka, akaubeba begani hadi kwa fundi wa simu mtaa wa pili, akasimama pale hadi kikapatikana kiungio cha kuvikutanisha. Jumanne iliyofuata wanawake wale walikuta mkeka umetandikwa. Pembe ya kushoto ilikuwa imejikunja. Bibi Magoti aliikanyaga, ikalala.

Ukumbi ulipungua watu jioni, maana mashine moja haiwezi kushindana na mbili. Waliokuja waliuliza Fundi yuko wapi. Mwanzoni alijibu kwamba amesafiri. Baadaye akajibu kwamba ameondoka. Hakuona tofauti kubwa kati ya maneno hayo yanapotoka mdomoni.

Wifi hakuacha kuja. Watu walimwambia kwamba sasa huyo si wifi yake tena, akajibu kwamba yeye hakuoa wala hakuacha, kwa hiyo kwake hakuna kilichobadilika. Siku moja ya mvua alifika na mwavuli uliokatika mbavu, akakuta ukumbi mtupu. Wakanywa chai.

"Anakusalimia," Wifi akasema.

"Nimezipokea."

"Amepanga chumba kimoja. Anasema kule maji ya chumvi."

"Atazoea."

Wifi aliipuliza chai yake. "Umelia?"

"Bado."

"Usijilazimishe. Machozi hayaitwi."

Dada Gemu akatikisa kichwa kukubali. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka karibu na mlango, wakalisogeza benchi pamoja, huyu upande huu, yule upande ule. Kwa kuwa hakukuwa na mteja, na kwa kuwa alichoka kukaa kimya, Wifi aliomba aonyeshwe hizo ngoma zilizomgombanisha na ndugu yake. Dada Gemu alizipanga mbele yake, akaweka diski, akampa fimbo mbili. Wifi alizishika kama mikasi. Rangi zikaanza kushuka kwenye televisheni, nyekundu, njano, bluu, kijani, na Wifi akazipiga ngoma zote kwa mkupuo, akakosa zote. Muziki ukakatika. Mashine ikamtangaza ameshindwa.

"Mshenzi huyu," Wifi akaiambia televisheni. "Hata sijakaa sawa!"

"Anza tena," Dada Gemu akasema. Alisimama nyuma yake, akamshusha mabega yaliyokuwa yamepanda. "Polepole. Fuata nyekundu peke yake. Hizo nyingine ziache zipite."